Bata asiyeruka, baridi ya asubuhi na mikate ya Jumapili

"Jambo daktari. Mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, tunakaa karibu na bwawa ambalo watu hupumzikia siku ya Jumapili. Kila mwaka mvua zikiisha na baridi ikiingia, bata wa porini wanajaa pale. Miezi ya mvua unawaona wachache sana. Mwanangu wa miaka tisa ananivuta kila Jumapili twende kuwaangalia. Sasa hivi, mwezi wa saba, asubuhi kuna baridi kweli. Sisi tunatoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, tumevaa majaketi, wao wamo ndani ya maji na miguu mitupu. Mtoto anauliza kama hawaumii. Jirani anasema wamekimbia barafu ya Ulaya, wamefika wamechoka na njaa, ndiyo maana watu wanawatupia mikate. Jumapili iliyopita tuliona mmoja anapiga mabawa kwa nguvu lakini haruki, anakimbia tu juu ya maji. Vijana wakataka kumkamata, wengine wakasema ni mgonjwa, auawe kabla hajaleta homa ya ndege. Niliwazuia, lakini sikuwa na la kuwaambia. Ana baridi, ana njaa, au anaumwa? Na mtoto wangu yuko hatarini?"

Jambo mama. Umefanya vizuri kuwazuia vijana. Nitaanza na huyo bata asiyeruka kwa sababu ndiye aliye matatani. Baridi na mikate vitafuata.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini alikuwa anabadili manyoya. Unyoya ukishakomaa hauna damu wala uhai. Ukichakaa kwa jua na maji haujitengenezi, sharti uanguke uote mwingine. Kuku, njiwa na kunguru hufanya kazi hiyo polepole: unyoya mmoja wa bawa unaanguka, mwingine unaota, na ndege anaendelea kuruka. Bata hawezi kumudu mwendo huo. Mwili wake ni mzito na mabawa yake ni madogo kwa uzito ule, ndiyo maana akiwa angani anayapiga haraka haraka bila kupumzika. Akipungukiwa manyoya machache tu, angehangaika kuruka kwa miezi. Kwa hiyo bata na bata bukini, karibu jamii yote, huangusha manyoya yote marefu ya mabawa kwa mara moja, wakakaa chini mpaka mapya yaote. Kwa bata wengi ni wiki tatu hadi tano za kutoruka kabisa. Wale bata bukini wakubwa weusi wenye mwiba kwenye bawa huchukua muda mrefu zaidi.

Bata wengi wa upande wetu huzaa mvua zinaponyesha, nyasi zinapokuwa ndefu na wadudu wako tele. Watoto wakishakua, wazazi wanakuwa na nafasi ya kubadili manyoya, na nafasi hiyo mara nyingi inaangukia kiangazi. Wanahitaji maji yasiyokauka, yenye kina cha kutosha kutorokea na matete ya kujificha. Bwawa lenu lina hivyo vyote, ila siku ya Jumapili lina na watu pia.

Lakini nisikutulize haraka, kwa maana kuna ugonjwa unaofanana na hali hiyo kwa mtu anayetazama kutoka mbali. Unaitwa botulizimu. Kuna bakteria wanaoishi kwenye tope. Maji yakipata joto, yakipungua na kuoza, wanatengeneza sumu inayolegeza misuli. Bata anaipata kwa kula vitu vya topeni, na hasa mabuu walio kwenye mizoga ya ndege au samaki. Naye huyo hushindwa kuruka, naye hupiga mabawa juu ya maji. Tofauti iko miguuni. Mwenye botulizimu anatumia mabawa kujivuta kwa sababu miguu imekwisha kulegea, inaburuzika nyuma. Baadaye shingo nayo inashindwa kubeba kichwa, na wengi hufa kwa kuzama. Anayebadili manyoya ana miguu ya chuma. Anakimbia juu ya maji akirusha matone pande zote, anapiga mbizi, anaingia kwenye matete na kunyamaza kimya. Umeandika kwamba wenu "anakimbia". Neno hilo ndilo lililonifanya niegemee upande wa manyoya. Pia ugonjwa huo hupenda maji ya moto. Mwezi wa saba si wakati wake. Ningekuwa na wasiwasi zaidi mwezi wa tisa na wa kumi, jua linapowaka kuliko wakati wote wa mwaka na mabwawa yamebaki tope.

Mkienda tena, mwangalie akiwa ametulia. Bata mzima akikunja bawa, ncha za manyoya marefu hufika karibu na mkia, na kwa wengine hupishana juu yake. Anayebadili anaonekana mfupi wa nyuma, kana kwamba mtu amemkata koti. Ukimpata kwa darubini, pembeni mwa bawa utaona vijiti vifupi vya rangi ya buluu-kijivu. Hayo ni manyoya machanga, bado yamo ndani ya ala zake na yana damu. Ukimkamata kwa nguvu yanavunjika na kutoka damu, na hapo unakuwa umemuumiza kweli bata ambaye hakuwa na tatizo lolote. Wale vijana waambieni hivyo. Waambieni pia kwamba uwindaji nchini una sheria yake tangu 1982, na kuwinda kunataka kibali.

Sasa jirani yako. Asemalo lina ukweli, ila kalenda imegeuka. Mwezi wa saba kwetu ni baridi, lakini Ulaya ni joto, na bata wa huko wako kwao wanalea watoto. Barafu ya Ulaya ni ya mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, wakati ambapo sisi tunanyeshewa. Wapo bata wanaoikimbia na kuja Afrika. Anayejulikana zaidi ni bata mmoja mdogo ambaye wataalamu humwita Spatula querquedula. Huvuka Sahara kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi, na kufikia mwezi wa nne amekwisha kurudi. Wengi wao huishia kwenye mito na maziwa ya Sahel, wachache ndio wanaoshuka zaidi kusini. Mkitaka kumtafuta, mtafuteni mvua zikiwa zinaelekea kuisha, wakati dume anapopata mstari mweupe juu ya jicho unaoteremka hadi shingoni. Kabla ya hapo anafanana mno na jike na atawapita bila ninyi kujua.

Hao mnaowaona sasa ni Waafrika. Wametoka karibu tu, au mbali kidogo. Mvua zikinyesha, Katanga yote inakuwa na maji: kila dambo, yaani bonde tambarare la nyasi, linajaa, kila shimo barabarani linakuwa ziwa, na bata wanatawanyika humo wawili wawili kutaga. Ndiyo maana bwawa lenu linakuwa tupu wakati ule. Mvua zikikatika, dambo zinakauka moja baada ya nyingine, na ndege wanasogea kwenye maji yanayobaki: Tshangalele kule upande wa Likasi, mabwawa ya Upemba, Kipopo, na hata bwawa dogo la mjini. Tshangalele lenyewe ni ziwa la kutengenezwa na watu, lilijaa baada ya mto Lufira kuzibwa kule Mwadingusha kwa ajili ya umeme, na bonde la Lufira tangu 2017 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Bata hawana njia moja ya kudumu, wanafuata mvua. Yule bata mdogo mwenye mdomo mwekundu na mashavu meupe, akivishwa pete Afrika Kusini, amewahi kupatikana Angola na Zambia. Kwa hiyo mwanao akiuliza wametoka nchi gani, mjibu kwamba nao hawakuuliza mpaka.

Kuhusu baridi. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa mtu aliyezoea joto ni baridi ya kutetemesha meno. Kwa bata ni jambo dogo. Ndugu zake wa Kanada na Urusi husimama juu ya barafu yenyewe.

Siri iko sehemu mbili. Kwanza manyoya. Kila unyoya una matawi madogo, na kila tawi lina vindoano vinavyoshikana na vya jirani yake kama zipu ya jaketi la mwanao. Zikiwa zimefungwa vizuri, maji hayapiti. Chini yake kuna manyoya laini yaliyoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Mtu akimwona bata anajichokonoa kwa mdomo nusu saa nzima hudhani ana chawa. Huwa anafunga zipu zilizofunguka, na anachukua mafuta kwenye tezi iliyo juu ya mkia kuyapaka ili manyoya yasikauke na kukatika. Kwa sababu hiyo, mafuta ya gari au sabuni ya kufulia kwenye bwawa humuua bata kwa baridi upesi kuliko usiku wowote wa kipupwe. Zipu hazishiki tena, maji yanafika kwenye ngozi. Mnaofulia kandokando ya maji, hilo linawahusu.

Pili ni miguu, ambayo ndiyo iliyomhuzunisha mwanao. Mwili wa bata una joto la nyuzi 41 hivi, kuliko wetu. Lau damu ya moto hiyo ingefika kwenye vidole moja kwa moja, maji yangeinyonya na bata angepoa kama chai iliyosahauliwa. Lakini kwenye paja na goti mishipa inayoshusha damu imebanana na mishipa inayoipandisha. Damu inayotoka mwilini na joto lake inapita ubavuni mwa damu inayorudi ikiwa baridi, inaipasha, nayo yenyewe inapoa. Inapofika kwenye unyayo imebaki na joto dogo linalotosha kuuweka hai tu, karibu sawa na la maji. Maji hayana cha kuchukua, na damu inayorudi kifuani haileti baridi. Tena unyayo wenyewe ni mifupa, kano na ngozi. Misuli inayouendesha iko juu, ndani ya manyoya. Je, anahisi baridi? Anahisi, miguu yake ina neva. Ila haumii. Ikimkera, anakunja mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo na kusimama kwa ule mwingine, kisha anabadilisha. Mwambie mtoto ahesabu wangapi wamesimama kwa mguu mmoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, halafu arudie kuhesabu saa tatu jua likishapanda.

Huo ndio wakati mzuri wa kwenda, alfajiri, jua likiwa mgongoni mwenu. Kaeni chini, msisimame, na mbaki mbali kiasi kwamba bata wanaendelea na shughuli zao. Kipimo ni rahisi: vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, mmekaribia mno, rudini hatua kadhaa. Wale wanaosimama wima ukingoni kama walinzi, uso mweupe, kisogo cheusi na shingo ya rangi ya udongo, ni bata-miti uso-mweupe. Wanapiga mluzi badala ya kulia kwa sauti ya bata, na mchana wanasinzia kwa kuwa hula usiku. Mkimwona mwenye mdomo wa njano uliopakwa doa jeusi katikati, huyo ni mwingine, naye hana mluzi. Kuna mchezo mmoja ambao watoto wanaupenda: tafuteni kundi lililolala, mwangalie wale walio pembeni kabisa. Watafiti nchini Marekani walionyesha mwaka 1999 kwamba bata wa pembeni hulala jicho moja likiwa wazi, lile linalotazama nje ya kundi, na nusu ya ubongo ikiwa macho. Wa katikati hufumba yote mawili. Kila nikiwaonyesha wanafunzi jambo hilo, darsa lingine lote linasahaulika.

Mikate sasa. Najua nitawakera watu wengi. Kipande kimoja cha mkate hakimuui bata mzima, na wanaotangaza hivyo wanatia chumvi. Tatizo ni Jumapili nzima ya watu mia, kila mmoja na mkate wake. Mkate unajaza tumbo na hauna protini wala vitamini za kutosha, na bata anayebadili manyoya ndiye anayehitaji protini kuliko mwingine, maana unyoya umetengenezwa kwa protini. Bata mdogo anayekua akilishwa vyakula vya wanga kupita kiasi anaweza kupata ulemavu wa bawa, linapindukia nje na haliruki maisha yake yote, ingawa kwa ugonjwa huo mkate peke yake haujathibitishwa kuwa chanzo. Kinachobaki bila kuliwa kinazama, kinaoza, kinakula hewa ya maji ambayo samaki wanaihitaji, na kinatengeneza lile tope ambalo nimesema botulizimu inalipenda mwezi wa tisa. Panya nao hawachelewi.

Baya kuliko mkate ni mahindi au karanga zilizoota ukungu. Nyumbani mtu anasema, hizi hatuwezi kula, tupelekee bata. Tafadhali msifanye hivyo. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika nayo upesi zaidi. Sumu hiyo yenyewe ilikuja kutambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula cha karanga zenye ukungu, na vifaranga vya bata navyo vilikufa.

Je, wana njaa? Hapana. Mbegu za nyasi, mizizi ya maua ya maji, konokono na wadudu vinawatosha, na pasipotosha wataruka kwenda kwingine. Mimi ningewaacha. Lakini najua mtoto wa miaka tisa anataka kutupa kitu, na kumkataza kabisa ni kumfanya atupe usipomwona. Basi mpe konzi moja ya mahindi safi yaliyolowekwa usiku kucha, au lengalenga mbichi lililokatwakatwa, mtupe kidogo kidogo majini mahali wanapoweza kumaliza, kisha muache. Majani ya mihogo mabichi msitupe. Sisi wenyewe sombe tunaitwanga na kuipika muda mrefu kwa sababu ya sumu yake.

Tumalizie na homa ya ndege, kwa kuwa hapo hofu yenu ina msingi. Bata wa porini wanaweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote. Mwanzoni mwa 2017 Uganda walikuta ndege wengi wa majini wamekufa kwenye fukwe za Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na ugonjwa ukaonekana pia kwa kuku na bata wa kufugwa. Hata hivyo, mtu huupata zaidi kwa kushika ndege wagonjwa au waliokufa, kuwachinja na kuwanyonyoa. Kukaa ukingoni na kutazama si njia yake. Ambacho hamtakiwi kufanya ni kumleta bata wa porini nyumbani mkamweka na kuku, au kuokota mzoga "usipotee bure". Mkitoka bwawani, mtoto anawe mikono kwa sabuni na viatu vipigwe brashi kabla hajaingia bandani kwa kuku. Kumuua bata mmoja asiyeruka hakuzuii homa yoyote. Kunamweka kijana mkono kwenye damu, na kama kweli angekuwa mgonjwa, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kwa mwanao mimi ninahofia zaidi kichocho. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mtoto anayefuata bata huingia maji hadi magotini bila kufikiri. Asiingie. Kama amekwisha kuingia mara nyingi, na wiki au miezi baadaye akikojoa damu au tumbo likimuuma na choo kina damu, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo na inatibu.

Na bata? Usimguse huyo mmoja. Mpeni wiki tatu nne, wazuieni mbwa na mawe. Mkiona miguu inaburuzika, shingo imelegea au imepinda, anazunguka mahali pamoja, au ndege wawili watatu wamekufa ndani ya siku chache, hapo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mkaarifu huduma ya mifugo ya mkoa au Fakulti ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mkitaja mahali, siku na idadi, na picha ya simu ikiwezekana. Mzoga acheni pale pale ulipo mpaka mtu wa kazi hiyo afike, muwaweke watoto na mbwa mbali. Ila nailoni ya wavuvi ikiwa imemfunga bata mguu au mdomo, msisubiri: mtu mzima mmoja amfunike kwa kitambaa kizito, mabawa yakiwa yamekunjwa, avae hata mifuko ya plastiki mikononi, amtie kwenye katoni yenye matundu na amlete kwetu madaktari wa mifugo. Msimnyweshe maji kwa nguvu, wala msimvute ndoano; tutaikata sisi.